Ziwa Husema Mwisho: Mwongozo wa Kufuatilia Ukame wa Bonde la Manyara kwa Picha za Setilaiti

Fungua picha ya setilaiti ya Ziwa Manyara ya mwishoni mwa Septemba. Pale ambapo Mei kulikuwa na maji utakuta ufuko mpana wa tope na magadi meupe. Asiyelijua ziwa hili atasema ukame umeingia. Anayelijua atauliza kwanza: mwaka jana tarehe kama hii lilikuwaje, na mwaka juzi?

Manyara halina mto wa kutokea. Maji huingia kwa mito na chemchemi, kisha jua huyanyonya. Hata likijaa, kina chake ni mita chache tu, na sakafu yake ni bapa, kwa hiyo maji yakishuka kidogo eneo kubwa hubaki wazi. Hilo ndilo linalolifanya lisomeke vizuri kutoka angani, na hilohilo ndilo linalowapotosha wengi.

Kuna kosa la upande wa pili pia, nalo ni baya zaidi: kuona ziwa limejaa ukadhani mambo ni shwari. Mvua kubwa za 2019 na 2020 zilijaza maziwa ya Bonde la Ufa. Kule Kenya, Baringo na Nakuru yalimeza nyumba, shule na barabara. Kisha mwishoni mwa 2020 mvua zikaanza kukosekana msimu baada ya msimu, mifugo ikafa kwa wingi, na maziwa hayo bado yalikuwa yamefura kwa maji ya miaka iliyopita. Aliyekuwa anapima ukame kwa kutazama ziwa peke yake hakuona kitu.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata njia ya maji yenyewe: mvua kwanza, malisho pili, ziwa mwisho. Nimechukua Manyara kwa kuwa nalifahamu na data zake ni za bure. Ukiwa Rukwa, Eyasi au Baringo, utabadilisha mipaka na majira, kazi ni ileile.

Hatua ya kwanza: chora bonde kabla hujatafuta picha

Watu wengi huchora mraba kuzunguka ziwa na kuanza kazi. Maji ya Manyara hayatoki kwenye huo mraba. Yanatoka miinuko ya Karatu na Mbulu upande wa magharibi, yanatoka Makuyuni na Monduli upande wa mashariki na kaskazini, na mengine yanatoka kusini, Babati. Bonde zima lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 18,000, na ziwa likijaa ni kama mia nne na ushei tu.

Njia rahisi ya kupata mpaka ni kupakua HydroBASINS, ramani ya mabonde ya mito iliyokwisha kuchorwa, na kuchagua vipande vinavyotiririkia Manyara. Njia ya pili ni kuuchora mwenyewe ndani ya QGIS, programu ya bure ya ramani, kwa kutumia data za mwinuko za SRTM, zilizopimwa na chombo cha anga Februari 2000. Uwe makini na lile eneo tambarare kati ya Ziwa Burunge na Manyara. Ardhi ikiwa bapa, programu hubahatisha maji yanakwenda wapi. Hapo muulize mwenyeji au tazama picha za msimu wa mvua nyingi, usiiamini kompyuta.

Ukishapata mpaka, gawa ndani yake kanda tatu na uzihifadhi kama faili tofauti: ziwa na ufuko wake (chukua mpaka wa maji ya mwaka wa mafuriko, ongeza kilomita moja kila upande), malisho, na sehemu za kuacha. Hizi za kuacha ni muhimu kuliko zinavyoonekana. Msitu ulio chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, ndani ya hifadhi, unanyweshwa na chemchemi zinazotoka milima ya Ngorongoro. Hata ng'ombe wakifa Esilalei, msitu ule utabaki kijani. Migomba na mpunga wa Mto wa Mbu ni hivyohivyo, na mashamba ya umwagiliaji ya Magugu. Ukiyachanganya haya na malisho, wastani wako utasema hali ni nzuri wakati wafugaji wameshahama.

Hatua ya pili: vifaa

Unahitaji kompyuta ya kawaida, kivinjari na bando. Kwa kutazama tu, Copernicus Browser inatosha: unajiandikisha bure, unachagua tarehe, unaona picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, na unaweza kuweka fahirisi (namba inayokokotolewa kutoka rangi za picha) bila kupakua chochote. Kwa kupima, tumia Google Earth Engine, ambayo ni bure kwa utafiti na kazi zisizo za biashara. Faida yake kubwa kwetu ni kwamba hesabu inafanyika kwenye kompyuta zao. Picha moja kamili ya Sentinel-2 inaweza kula mamia ya megabaiti, na kwa uchambuzi wa miaka kumi hiyo ni bando la kufilisi mtu. Ukitumia Earth Engine unashusha jibu tu, yaani jedwali dogo na ramani moja. QGIS iweke kwa ajili ya kuchora ramani za kuwapa watu.

Hatua ya tatu: mvua

Data ya kuanzia ni CHIRPS, inayotengenezwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, pamoja na shirika la jiolojia la Marekani. Inaanza mwaka 1981, na kila pikseli, yaani kijimraba kimoja cha picha, ina upana wa takriban kilomita 5.5. Inachanganya joto la vilele vya mawingu linaloonwa na setilaiti na vipimo vya mvua vya ardhini.

Kaskazini mwa Tanzania tuna vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Jumlisha mvua ya kila msimu kwa kila mwaka tangu 1981, kisha linganisha msimu huu na wastani wa miaka 30, 1991 hadi 2020. Usijumlishe mwaka wa kalenda. Mwaka wenye vuli ya kupindukia na masika iliyokauka utaonekana wa kawaida, na mfugaji atakushangaa.

Ukitaka kipimo kinachotambulika kimataifa, tumia SPI, ambacho huonyesha msimu umepungukiwa kwa kiasi gani ukilinganisha na historia ya mahali hapo. Chini ya −1 ni ukame wa wastani, chini ya −1.5 ni mkali, chini ya −2 ni mkali kupita kiasi. Kama hesabu yake inakuchosha, ICPAC, kituo cha tabianchi cha ukanda wetu kilichoko Ngong, Kenya, kina tovuti ya East Africa Drought Watch inayoonyesha SPI tayari kwa ukanda mzima. Mimi kwa taarifa za vijiji napendelea asilimia ya wastani. "Masika imeleta asilimia 60 ya mvua ya kawaida" inaeleweka kikaoni, "SPI ni −1.3" haieleweki.

Jumla ya msimu haitoshi lakini. Mvua ya mwezi mzima ikianguka kwa siku tatu, nyingi itakimbilia korongoni na kuishia ziwani, na nyasi zitapata kidogo. Kwa hiyo hesabu pia siku mfululizo zisizo na mvua ndani ya msimu. Chukua siku yenye chini ya milimita moja kuwa kavu, tafuta mfululizo mrefu zaidi wa msimu, ulinganishe na miaka mingine. Kwa masika, kipimo hiki huonyesha mapema kinachokuja kwenye malisho kuliko jumla yenyewe.

Jihadhari na ukuta wa Bonde la Ufa. Pikseli moja ya CHIRPS inaweza kubeba Karatu yenye ukungu juu na tambarare kavu chini, mamia ya mita za tofauti ya mwinuko, na kuzipa zote mvua moja. Usitoe hukumu ya kijiji kimoja kwa pikseli moja. Kama shule au zahanati ya karibu ina kipimamvua, namba zake zina uzito kuliko hizi.

Hatua ya nne: malisho

Hapa ndipo ukame unapoonekana kwa mara ya kwanza kwa sura yake, na hapa ndipo utumie muda wako mwingi.

Mmea wenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ya karibu, usioonekana kwa macho. Tofauti ya hiyo miwili ikigawanywa kwa jumla yake ndiyo NDVI: infraredi kutoa nyekundu, gawanya kwa infraredi jumlisha nyekundu. Ardhi tupu huwa na namba ndogo, karibu 0.1 au 0.2. Nyasi zilizostawi na vichaka hupanda hadi 0.6 na zaidi.

Namba hiyo peke yake haina maana kubwa, kwa sababu Mei ni kijani na Septemba ni kavu kila mwaka. Kinachotakiwa ni kulinganisha mahali na historia yake ya tarehe hiyohiyo. Tumia data ya MODIS, kifaa kilicho kwenye setilaiti ya Marekani, iitwayo MOD13Q1: ina pikseli za mita 250, hutolewa kila siku 16, na inaanza Februari 2000. Ndani ya Earth Engine namba zake zimezidishwa, kwa hiyo zidisha kwa 0.0001 kabla ya kuzisoma. Kwa kila pikseli na kila kipindi cha siku 16, tafuta NDVI ya chini kabisa na ya juu kabisa tangu 2000, kisha hesabu VCI, fahirisi ya hali ya mimea:

VCI = 100 × (NDVI ya sasa − ya chini) ÷ (ya juu − ya chini)

Tuseme malisho fulani mwishoni mwa Mei yamewahi kushuka hadi 0.28 na kupanda hadi 0.62. Mwaka huu yako 0.36. Toa 0.28, unabaki na 0.08. Gawanya kwa 0.34, zidisha kwa 100, unapata karibu 24. Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame ya Kenya hutumia VCI ya wastani wa miezi mitatu kwa madaraja haya: chini ya 10 ni ukame uliokithiri, 10 hadi 20 ni mkali, 20 hadi 35 ni wa wastani, 35 hadi 50 ni hali ya kawaida, na juu ya hapo ni ubichi uliozidi kawaida. Malisho yetu ya mfano yangeingia daraja la ukame wa wastani. Chukua na wewe wastani wa miezi mitatu, kwa sababu kipindi kimoja cha siku 16 kinaweza kuharibiwa na wingu au moshi wa kuchoma nyika.

Si jambo la kitabuni tu. Kenya, bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010 ilijengwa juu ya NDVI: ubichi ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, mfugaji analipwa bila mtu kwenda kuhesabu mizoga.

Lakini kijani si chakula. Ukanda wa Arusha umevamiwa na gugu karoti, ambalo huchipua haraka kwa mvua kidogo, na ng'ombe hulikwepa. Baringo wana mathenge, mti unaobaki kijani wakati nyasi zimekwisha kabisa. Setilaiti haijui tofauti. Njia ya kujikinga ni kutazama mwendo wa msimu, si namba moja. Nyasi hupanda kwa kasi baada ya mvua na kushuka kwa kasi kiangazi, vichaka na miti hupanda na kushuka taratibu. Pikseli isiyoshuka kabisa Agosti si malisho ya ng'ombe, itoe kwenye hesabu au iweke kundi la mbuzi.

Ukitaka kushuka hadi kiwango cha kijiji, kwa mfano kuona kama alalili, yaani malisho yanayotengwa kwa ajili ya ndama, bado zina nyasi au zimeshaingiliwa, MODIS ni nene mno. Hamia Sentinel-2, yenye pikseli za mita 10 na picha kila baada ya siku tano hivi. Historia yake ni fupi, ilianza kurushwa Juni 2015, kwa hiyo itumie kuona wapi, na MODIS kuona kiasi gani. MODIS yenyewe imezeeka, setilaiti yake ya Terra ilirushwa 1999. Anza sasa kujizoeza na VIIRS, kifaa cha setilaiti mpya zaidi kilichokuja kurithi kazi hiyo.

Hatua ya tano: ziwa

Kupata maji kwenye picha kuna fahirisi mbili maarufu. NDWI ya McFeeters, ya mwaka 1996, hutumia kijani na infraredi ya karibu. MNDWI ya Xu, ya 2006, hutumia kijani na infraredi ya mawimbi mafupi. Manyara tumia ya pili. Maji ya ziwa hili ni ya tope na magadi, na mara nyingi yamejaa vijimea vidogo vya majini ambavyo heroe wadogo, yaani flamingo, huvifuata. Vijimea hivyo hurudisha infraredi ya karibu kama nyasi, NDWI inashuka, na sehemu ya ziwa inahesabiwa kuwa nchi kavu. Infraredi ya mawimbi mafupi inanyonywa na maji hata yakiwa machafu.

Hii ndiyo skripti ya kutosha kuanzia ndani ya Earth Engine. Kabla ya kuiendesha, chora umbo la kanda ya ziwa na ulipe jina ziwa:

var picha = ee.ImageCollection('COPERNICUS/S2_SR_HARMONIZED')
  .filterBounds(ziwa)
  .filterDate('2024-09-01', '2024-10-01')
  .filter(ee.Filter.lt('CLOUDY_PIXEL_PERCENTAGE', 20))
  .median();
var maji = picha.normalizedDifference(['B3', 'B11']).gt(0);
var eneo = maji.multiply(ee.Image.pixelArea()).divide(1e6)
  .reduceRegion({reducer: ee.Reducer.sum(), geometry: ziwa, scale: 20, maxPixels: 1e9});
print('Eneo la maji, kilomita za mraba:', eneo);

Inachukua picha za Septemba zenye mawingu machache, inapata thamani ya katikati ya kila pikseli, inatenga maji, kisha inajumlisha eneo. Bendi ya B11, ile ya infraredi ya mawimbi mafupi, ina pikseli za mita 20, kwa hiyo kila pikseli ni mita za mraba 400, na pikseli 2,500 ni kilomita moja ya mraba. Badilisha mwaka, endesha tena, andika jibu kwenye jedwali. Pima mara mbili kwa mwaka: mwisho wa Mei, masika yakiisha, na mwisho wa Septemba. Mei ilinganishwe na Mei, Septemba na Septemba.

Neno HARMONIZED kwenye jina la data usiliondoe. Tangu 25 Januari 2022 shirika la anga la Ulaya lilibadilisha namna ya kuandika thamani za Sentinel-2 kwa kuongeza 1,000 kwenye kila namba. Ukilinganisha picha za kabla na za baada bila kurekebisha, ziwa litaonekana limebadilika ghafla Januari ile bila tone la mvua. Mkusanyiko huo umeshasawazishwa. Ukipakua picha mwenyewe, toa hiyo 1,000.

Kisha kuna magadi. Ganda jeupe la ufukoni hung'aa kiasi kwamba kichujio cha mawingu kinaweza kuliita wingu, hata theluji, na kulifuta. Hali hiyo ikitokea, eneo la ufuko hutoweka kwenye hesabu kabisa. Usiwashe kichujio bila kuona kinafuta nini. Weka picha ya rangi za kawaida chini, matokeo juu, na ulinganishe kwa macho. Tope bichi nalo husumbua kwa upande wa pili: linaweza kuvuka sifuri na kuhesabiwa maji. Sifuri si sheria. Tazama mgawanyo wa namba za MNDWI, tafuta bonde kati ya kilima cha maji na kilima cha ardhi, na uweke kikomo hapo. Njia ya kihesabu iitwayo Otsu hufanya hivyo yenyewe. Ukishachagua kikomo, kitumie miaka yote, usikibadilishe kila mwaka ili kupata jibu unalolipenda.

Kwa miaka ya nyuma, kabla ya Sentinel, kuna setilaiti za Marekani za Landsat: Landsat 5 tangu 1984, Landsat 7 tangu 1999, Landsat 8 tangu 2013 na Landsat 9 tangu 2021, zote za mita 30. Landsat 7 iliharibika kifaa Mei 2003, na tangu hapo picha zake zina michirizi mitupu. Picha za eneo letu za miaka ya 1990 ni chache, hivyo usishangae kukosa Septemba nzima. Kama hutaki kazi hiyo, Kituo cha Utafiti cha Tume ya Ulaya kimeshatengeneza ramani za maji ya dunia nzima kutoka Landsat, 1984 hadi 2021, zinazoitwa Global Surface Water. Kwa dakika tano utaona sehemu gani za Manyara huwa na maji daima na zipi huja na kwenda.

Hatua ya sita: wakati wa mawingu

Sentinel-2 hupita juu yetu asubuhi kati ya saa nne na saa tano, na wakati wa mvua muda huo miinuko ya Karatu mara nyingi bado imejifunika. Hapo tumia rada ya Sentinel-1, iliyoanza 2014, ambayo huona kupita mawinguni na usiku pia. Maji matulivu huonekana meusi kwa rada kwa sababu mawimbi yake hurukia mbali. Upepo wa mchana ukiyatikisa, huwa meupe. Na tope kavu lililolainika, au ganda la magadi, huwa jeusi kama maji. Kwa ziwa hili rada naitumia kuthibitisha mafuriko ya masika tu. Kiangazi siipi kura.

Neno moja kuhusu GRACE, setilaiti pacha zinazopima uzito wa maji ya ardhini tangu 2002. Ramani zake zinavutia na watu huzipenda kwenye mawasilisho, lakini uoni wake ni wa mamia ya kilomita. Kwa Afrika Mashariki nzima ni sawa. Kwa Manyara ni kupima chumvi ya chungu kwa mizani ya gunia.

Hatua ya saba: soma vitatu kwa pamoja

Sasa una safu tatu kwenye jedwali: mvua, VCI ya malisho, eneo la ziwa. Maana inapatikana kwenye namna zinavyopishana.

Mvua chini, VCI chini, ziwa bado kubwa: ukame umeanza, na ziwa linaishi kwa akiba. Hii ndiyo hali ya hatari zaidi kwa kuwa hakuna anayetaka kuamini. Ndiyo ya 2021.

Mvua chini, VCI chini, ziwa dogo kuliko Septemba zote ulizonazo: ukame umekomaa. Taarifa ya tahadhari imeshapitwa, kinachotakiwa ni maji ya malori na chakula cha mifugo.

Mvua ya kawaida, VCI ya kawaida, ziwa limepungua: usiseme ukame. Panda juu kwa picha za Sentinel-2 ukatazame mito inayoingia. Mashamba mapya ya umwagiliaji huonekana wazi Agosti, mistatili ya kijani katikati ya ardhi ya kahawia. Mto unaokauka chini ya mashamba hayo una habari nyingine kabisa, ya vibali vya maji, na hiyo ni kazi ya Bodi ya Maji Bonde la Kati yenye makao Singida.

Mvua ya kawaida, VCI chini: ama mvua ilikuja kwa mafungu mabaya (rudi kwenye hesabu ya siku kavu), ama mifugo imezidi uwezo wa ardhi. Wafugaji waliohama kutoka wilaya nyingine yenye ukame wanaweza kumaliza nyasi za bonde lililopata mvua. Kabla ya kuandika, pima VCI ya majirani.

La mwisho ni tope. Udongo unaoshuka kutoka miinuko iliyolimwa hujaza sakafu ya ziwa. Sakafu ikipanda, maji yaleyale hutandaa zaidi. Ziwa linaweza kuonekana kubwa na kumbe limekuwa sinia. Eneo pekee haliwezi kukuambia hilo, unahitaji urefu wa uso wa maji. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, hupima urefu huo kwa maziwa ya ukubwa huu, na ICESat-2 ya 2018 hufanya hivyo kwa leza pale njia yake inapokatiza. Weka safu ya nne kwa ajili yake, hata kama ina miaka michache.

Hatua ya nane: piga simu

Kabla ya kutoa ramani, tafuta watu watatu au wanne ndani ya bonde: mfugaji wa Selela au Esilalei, mwenyekiti wa kijiji, afisa mifugo wa kata, mkulima wa Magugu. Usiwaulize kama kuna ukame. Waulize mambo yanayohesabika. Ng'ombe wanatembea umbali gani kufikia maji? Lambo la kijiji limekauka mwezi gani, na mwaka jana lilikauka mwezi gani? Mnadani, mbuzi mmoja wa wastani ananunua madebe mangapi ya mahindi? Hili la mwisho ni kipimo kizuri ajabu. Bei ya mbuzi ikianguka huku mahindi yakipanda, dhiki imeshaingia nyumbani hata kama VCI yako inasoma 40.

Waombe pia picha za simu zenye tarehe na mahali, wakiwa wamesimama palepale kila mwezi. Picha kumi za namna hiyo zitakusaidia kurekebisha kikomo cha MNDWI na kutambua gugu karoti kuliko makala yoyote ya kisayansi. Wakikuambia ramani yako imekosea, anza kwa kudhani wao wako sahihi, rudi ukakague kanda zako na mawingu.

Hatua ya tisa: taarifa na ratiba

Taarifa iwe ukurasa mmoja. Juu weka ramani ya VCI ya malisho yenye majina ya vijiji na barabara, maana mtu hujitafuta kwanza kwenye ramani kabla ya kukusikiliza. Chini yake mistari mitatu: mvua ya msimu kama asilimia ya wastani, VCI ya miezi mitatu na daraja lake, eneo la ziwa na nafasi yake kati ya miaka uliyopima. Kila namba iwe na tarehe ya picha. Tofautisha waziwazi ulichopima na unachokisia. Utabiri wa msimu ujao si kazi yako, ni wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, unukuu kama walivyoutoa.

CHIRPS ya uhakika hutoka takriban wiki ya tatu ya mwezi unaofuata, lakini ile ya awali hutoka mapema na inatosha kwa tahadhari, ilimradi uandike kuwa ni ya awali. Kwa ratiba, fanya hivi. Mwanzoni mwa Januari pima vuli. Katikati ya Aprili pima siku kavu za masika, kwa sababu masika yakikosea Aprili bado kuna muda wa kuuza mnyama akiwa na mwili. Mwanzoni mwa Juni fanya tathmini kamili: mvua, malisho, ziwa. Mwanzoni mwa Oktoba pima ziwa na malambo, kisha ongeza mwaka mmoja kwenye jedwali la NDVI ya chini na ya juu, na uhifadhi nakala ya jedwali la zamani ili mtu akihoji VCI uliyoitoa Juni uweze kumwonyesha ilitokana na namba zipi.